Mshairi Arejeaye Kauli Yake

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa njema zote zamstahiki Mwenyezi Mungu, aliyemuumba mwanadamu akampa ulimi wa kubainisha. Na sala na amani zimshukie Bwana Mtume Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake, ambao baadhi yao walikuwa washairi wenye ndimi kali.

Ama baad. Tumkadirie mtu wa Tanga, mfanyi biashara wa nafaka, aliyepanda mpaka Ufipa kununua mahindi. Akafika Matai, mji ulio makao ya wilaya ya Kalambo, katika njia itokayo Sumbawanga kushukia bandari ya Kasanga penye Ziwa Tanganyika. Akapatana na mwenye ghala, akalipa thamani ya gunia 100, akatangulia pwani. Shehena ilipofika ikahesabiwa, ikaonekana gunia 91. Mtu yule ni malenga, na hasira ya malenga haikai kifuani. Akatunga beti kumi, akamtaja mwenye ghala kwa jina lake kuwa ni mwizi. Kisha, kwa kuwa kina kilimwita, akaongeza kuwa si ajabu, kwani watu wa Ufipa wote ni wachawi, na mahindi yale yamechukuliwa kwa njia za usiku. Beti zikasomwa barazani, watu wakacheka. Zikaimbwa harusini. Zikatiwa katika simu za mkononi, na kabla ya Isha ya siku ya pili zilikwisha kufika Matai; mwenye ghala akazisikia, na watoto wake wakazisikia. Baada ya miezi miwili ikabainika kuwa zile gunia 9 ziliuzwa njiani na dereva.

Malenga yule akajuta kweli kweli. Akaswali, akalia, akaleta istighfari, na tangu siku ile hakuzisoma tena beti zile. Je, toba yake imetimia? Na ikiwa haikutimia, imempasa atunge shairi jingine la kulivunja lile la kwanza? Hii ni sura iliyokadiriwa tu, kama ilivyo desturi ya vitabu vya fikihi, wala hapana mtu maalumu aliyekusudiwa. Walakini kila mwenye kukaa barazani ajua ya kuwa walio mfano wake ni wengi.

Jambo la kwanza limzuialo mtu kurejea ni aibu, na aibu hii pwani imepewa jina baya. Mtu akifuta neno alilolisema mbele ya watu huambiwa kuwa amekula matapishi yake. Kwa kuogopa msemo huu, watu wazima wenye swala na saumu wameingia kaburini na uongo wao haujafutwa. Tena wako wadhanio kuwa msemo huu umetoka katika hadithi ya Mtume (s.a.w.). Hadithi ipo, nayo ni sahihi, lakini si ya jambo hili. Aliyefananishwa na mbwa ayarudiaye matapishi yake ni mtu atoaye hiba kisha akaidai irudi. Ni hadithi ya zawadi. Na aliyemtukana mwenziwe hakumpa zawadi hata iwe vibaya kuitaka. Alimnyang'anya heshima yake, na mwenye kunyang'anya huamrishwa arudishe. Basi wenye kuitumia hadithi ile kumcheka mwenye kutubia wameigeuza chini juu.

Na wamtazame Imamu wao. Imamu Shafii (r.a.) alikuwa na kauli alizozitoa Iraki, nazo huitwa kauli ya kadimu. Alipofika Misri mwaka 199 wa Hijra akazipitia upya, akaziacha nyingi katika hizo; na aliyoyathibitisha Misri mpaka kufa kwake mwaka 204 ndiyo kauli ya jadidi, ambayo ndiyo itegemewayo ila katika mas-ala machache. Madrasa za pwani husomesha hayo vizazi kwa vizazi, wala hakupatikana mwanafunzi aliyesema kuwa Imamu alikula matapishi yake. Ni kweli kwamba Imamu hakumdhulumu mtu. Alijitahidi, kisha akajitahidi tena, na mwenye kujitahidi akakosea ana ujira. Mtungaji wa kashifa hana ujira wowote. Lakini ikiwa mtu asiye na dhambi hakuona aibu kuiacha kauli yake ya jana mbele ya ulimwengu mzima, mwenye dhambi ataipata wapi haki ya kuona aibu?

Ama hukumu yenyewe, wanazuoni wamesema kwamba toba ya dhambi iliyo baina ya mja na Mola wake ina sharti tatu: kuiacha dhambi, kuijutia, na kuazimia kutoirudia. Ikiwa ndani yake mna haki ya mja, huongezwa ya nne, nayo ni kumrudishia mwenyewe haki yake au kutaka radhi yake. Mtu wa Tanga amezitimiza tatu. Ya nne hajaigusa. Na Imamu Nawawi, katika Minhaji, kwenye mlango wa ushahidi, amezidi kueleza: dhambi iliyofanywa kwa kusema, toba yake imeshurutishwa iwe kwa kusema. Aliyemsingizia mtu zina atatamka kwamba masingizio yale ni batili, na kwamba ameyajutia, na kwamba hatayarudia. Hakusema kuwa atanyamaza. Wala hakusema kuwa atazidisha mema mpaka watu wasahau. Na katika Suratul Bakara, Mwenyezi Mungu alipowalaani wenye kuficha yale aliyoyateremsha, aliwatoa katika laana ile wenye kutubia na kutengeneza na kubainisha. Haikutajwa toba peke yake.

Hapa pana hitilafu yenye manufaa makubwa, nayo vijana huipita haraka darasani. Imetoka kwa Imamu Shafii kwamba toba ya msingiziaji ni kujikadhibisha nafsi yake. Al-Istakhri akaichukua kauli hii kwa dhahiri yake, akasema kwamba atatamka wazi kuwa alisema uongo. Walio wengi katika wanazuoni wa madhehebu wakakataa. Wakasema: huenda mtu yule aliona kwa macho yake, ila hakuwa na mashahidi, akisema kuwa aliongopa, atakuwa ameongeza uongo mpya ili kuutubia usemi ambao haukuwa uongo. Kwa hivyo atasema kwamba kule kusingizia kwake ni batili na ni haramu. Tazama walivyoichunga kweli hata mahali pa majuto. Mtu ametubia, analia, yu tayari kusema lolote aambiwalo, nao wamemzuia asiseme zaidi ya alijualo.

Sasa na tuwatazame washairi. Likitajwa shairi la kurejea, watu humkumbuka kwanza Kaab bin Zuhair. Nduguye Bujair alisilimu kabla yake, naye Kaab akampelekea beti za kumlaumu, na ndani yake mna neno baya juu ya Mtume (s.a.w.). Damu yake ikawa halali. Baada ya Mtume kurejea kutoka Taif, Bujair akamwandikia kwamba ama aje hali ametubia, ama atafute pa kukimbilia. Kaab akaja Madina, akauweka mkono wake katika mkono wa Mtume naye hajulikani, akauliza kama Kaab akija hali ametubia atakubaliwa. Alipojibiwa kuwa ndiyo, akajitaja. Kisha akaisoma kasida yake inayofunguliwa kwa kumtaja Suad, na yapokewa kwamba Mtume alimvika joho lake, ndipo kasida ikaitwa Burda. Joho lile Muawia alilinunua baadaye kwa warithi wa Kaab.

Lakini mwenye kuisoma kasida ile kwa jicho la kadhi ataona ajabu. Ndani yake Kaab hakukiri. Aliomba asishikwe kwa maneno ya wachongezi, akasema kuwa hakukosa ijapokuwa yamesemwa mengi juu yake. Basi mtu asiitoe kasida hii hoja kwamba sifa nzuri hufuta tusi. Kilichomwokoa Kaab ni mkono alioutia katika mkono wa Mtume, na shahada yake, na Uislamu hufuta yaliyokuwa kabla yake. Malenga wa Tanga hana njia hiyo. Yeye alitukana hali ni Mwislamu. Tena kasida yenyewe haikupita salama. Ansari waliona kwamba Kaab aliwasifu Muhajirina, na wao akawaguza kwa neno lisilowapendeza, wakakasirika. Ikambidi atunge shairi jingine la kuwasifu Ansari. Yaani shairi la kurejea nalo likataka shairi la kulirejea.

Aliyetunga lililo safi zaidi ni Abdallah bin Zibara, mshairi wa Makureshi. Huyu aliwashambulia Waislamu kwa ulimi wake miaka mingi, na Makka ilipofunguliwa mwaka wa 8 wa Hijra akakimbilia Najran. Kisha akarudi akasilimu, na katika mashairi yake ya kutaka radhi alikiri waziwazi kwamba alikuwa mpotevu, akaahidi kuyatengeneza kwa ulimi yale aliyoyaharibu kwa ulimi. Hili ndilo alitakalo Nawawi. Walakini waulize watu kumi wa pwani kama wamhifadhi Kaab au Ibn Zibara, utajua kwamba watu huhifadhi lililo zuri kabla ya lililo timamu. Tutarudi katika jambo hili, kwani ndilo zito.

Mfano wa tatu ni wa Hassan bin Thabit, naye ndiye aliye karibu zaidi na mas-ala haya, kwa kuwa yeye alikuwa Mwislamu. Katika kisa cha uzushi juu ya Bibi Aisha (r.a.), Hassan aliingia pamoja na walioingia. Aya za Suratun Nur zikashuka kumtakasa Bibi, na yapokewa kwamba waliozua wakapigwa. Baadaye Hassan akatunga beti za kumsifu kwa usafi na utulivu, na kwamba yeye hawasengenyi wanawake wenziwe. Akaja kumsomea. Bibi Aisha akamsikiliza, kisha akamwambia kwamba lakini yeye Hassan hayuko hivyo.

Neno hili ni fupi, na lina fikihi nyingi. Beti zilikuwa nzuri, na yaliyosemwa yalikuwa kweli, wala Bibi hakuyakanusha. Alilolitaka halikuwamo. Hassan alieleza alivyo Bibi. Hakueleza alivyofanya Hassan. Na katika riwaya ya Ibn Is-haka mna beti ambazo ndani yake alikana kwa kujiapiza. Sifa ikimiminwa juu ya jeraha huwa kama mafuta mazuri juu ya mwiba ambao haujatolewa. Lakini mtu asichukue kisa hiki kumshushia hadhi Hassan, aliyemtetea Mtume kwa ulimi wake mbele ya Makureshi. Bibi Aisha mwenyewe alimkataza Urwa asimtukane, kwa sababu hiyo hiyo ya kumtetea Mtume. Na alipoulizwa na Masruk kwa nini humruhusu kuingia kwake, alijibu kwamba ni adhabu gani iliyo kali kuliko upofu, kwani Hassan alikuwa amekwisha kupofuka. Mwenye kudhulumiwa alisamehe huku anakumbuka, na alikumbuka huku anatetea.

Kwa kutajwa upofu, Wayunani nao wana kisa cha mshairi wao wa kale, Stesichorus wa Himera, katika kisiwa cha Sisilia, aliyeishi zaidi ya miaka elfu moja kabla ya Hijra. Yasemwa kwamba alimtukana kwa shairi mwanamke aitwaye Helen akapofuka, akatunga jingine kusema kwamba la kwanza halikuwa kweli, akarudishiwa macho. Na Plato amekitaja kisa hiki. Ni hadithi ya watu waabuduo masanamu, wala haijengewi hukumu. Ila yaonyesha tofauti: Stesichorus alirejea kwa ajili ya macho yake mwenyewe. Arejeaye kwa kuwa ameumia yeye, hajaanza bado kumtazama aliyemuumiza.

Namna hii ilimpata Al-Hutaia. Alimkashifu Zibrikan bin Badri kwa beti ambazo juu juu zaonekana kama lawama ndogo tu. Zibrikan akamshitaki kwa Sayyidna Omar (r.a.). Omar akamwita Hassan bin Thabit amuulize kama ile ni kashifa, Hassan akathibitisha kuwa ni kashifa tena mbaya. Mafumbo ya pwani yana kadhi wake hapa: mtungaji wa fumbo hana udhuru wa kusema kuwa hakumtaja mtu, maana wajuao ushairi wataulizwa. Al-Hutaia akafungwa. Kifungoni akatunga beti za kuwataja watoto wake wadogo walioachwa bila ya mtu wa kuwatunza, Omar akalia, akamtoa, na yasimuliwa kwamba alizinunua kwake heshima za Waislamu kwa dirhamu 3000 asiwatukane tena. Beti zile zilimtoa mtungaji wake gerezani. Zibrikan hazikumpa kitu.

Na turudi pwani. Washairi wa Kiswahili wana ada njema ya kumalizia tenzi zao kwa kuomba radhi: mtungaji hutaja unyonge wake, huomba apatapo kukosea asahihishwe, huomba maghufira. Ada hii ina baraka, lakini imewalaza wengi. Radhi ya jumla huombwa kwa kosa lisilojulikana, la herufi au la mizani. Kosa lijulikanalo, lenye jina la mtu ndani yake, haliingii humo. Hata Al-Inkishafi ya Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir wa Pate, ambayo hapana aliyesimama mbele ya magofu asiikumbuke, ni mtungaji kuuhesabu moyo wake mbele ya Mola wake. Ni toba ya moyo kwa dunia uliyoipenda. Ni darja kubwa, nayo ni mlango mwingine. Mtu aweza kuisoma Al-Inkishafi kila usiku akalia, na jirani yake aliyemtukana asijue lolote.

Na kashifa ikisha kuondoka haikai mahali pamoja. Zamani ilipanda jahazi na msafara. Kisha ikapanda gazeti: Mambo Leo, lililoanza kutolewa Dar es Salaam mwaka 1923, lilichapisha mashairi, na washairi wakajibizana humo bara na pwani, na aliyelisoma toleo la tusi huenda lisimfikie toleo la jibu. Leo yapanda simu. Kwa hiyo kurejea kwa mtu wa Tanga hakutoshi kufanywa Tanga, wala hakutoshi kunong'onwa sikioni mwa mwenye ghala, ijapokuwa kwenda kwake ndiyo ada njema. Imamu Nawawi katika Adhkari ametaja njia mbili za wanazuoni wa madhehebu juu ya mwenye kutaka radhi kwa masengenyo, kama atabainisha alilolisema au la, na akaona kubainisha ndiko kwenye kudhihiri zaidi, kwani mtu huenda akasamehe neno hili asisamehe lile. Mwenye ghala neno analijua. Asilolijua ni kama watu wa Tanga wamelijua kuwa ni batili.

Hapo ndipo penye uzito uliotajwa kwa Ibn Zibara. Shairi la kwanza lilienea kwa sababu lilikuwa zuri: vina vikali, kicheko kila ubeti. La pili likitungwa kwa kulazimishwa nafsi, lenye mizani iliyovunjika, hapana atakayeliimba, na mtungaji atasema kuwa amekwisha kurejea, hali ajua kwamba beti zake za tusi zinatembea na za toba zimekaa. Huo ni werevu wa mwenye kulipa deni kwa fedha ambazo hazipokelewi sokoni. Ikiwa alikesha usiku mmoja kulinoa tusi, na akeshe kulinoa rejeo. Kwa upande mwingine, uzuri nao una hila yake, kama ilivyoonekana: mshairi aweza kumpamba aliyemtukana mpaka watu wakasahau kuuliza kama amekiri. Basi shairi litakiwalo liwe zuri kiasi cha kubebwa na ndimi za watu, na liwe wazi kiasi cha kwamba mtoto akiliimba ajue nani alisingizia na nani alisingiziwa. Kulikusanya hili na hili ni kazi ngumu, nayo imemlazimu kwa mikono yake mwenyewe.

Wala hana ruhusa ya kuihamishia kashifa kwa dereva. Watungaji hupenda hila hii: humvua mmoja kwa kumvika mwingine. Dereva ana kesi yake mbele ya mwenye kuhukumu, nayo haihitaji vina.

Limebaki neno alilolisema juu ya Wafipa, nalo ni baya kuliko la mwenye ghala. Bibi Aisha amepokea kwa Mtume (s.a.w.) kwamba katika watu walio wakubwa kwa uzushi ni mtu amkashifuye mtu mmoja kisha akalikashifu kabila zima. Kama kwamba hadithi hii imeshuka kwa ajili ya ubeti ule. Yuko atakayesema kwamba Wafipa wengi wao ni Wakristo, na kwamba Waislamu walio huko ni wachache. Hadithi imetaja kabila, haikutaja dini. Na uongo ni haramu hata kwa asiyekuwa Mwislamu. Na wanazuoni wa Kishafii wamemharimisha kusengenywa mtu wa dini nyingine aliye katika amani na Waislamu. Tena neno la uchawi si mchezo. Katika nchi hii watu, na hasa vikongwe, wameuawa kwa kutuhumiwa uchawi tu. Atungaye ubeti wa kuchekesha barazani hajui utafika mikononi mwa nani, wala mtu huyo ameshika nini.

Na liko jambo ambalo mtu wa pwani angalilijua lau angaliuliza kabla ya kutunga. Jina la Sumbawanga wenyeji hulifasiri kwa maana ya kutupa uchawi. Watu waliupa mji wao jina la kuukana uchawi na kuutupa mbali, na watu wa pwani wakalichukua jina lile lile wakalifanya ushahidi wa kuwa wao ni wachawi. Mtu amesimama akasema nimetubia, wewe unamwonyesha kidole kwa kuwa ametaja dhambi.

Kabila halina mlango mmoja wa kugonga hata mtu aende akatake radhi. Watu wasiohesabika hawaombwi mmoja mmoja. Kilichobaki ni kulivunja neno kule kule lilikopita, na kuwatetea watakapotajwa tena kwa ubaya mbele yake. Hili la pili ni zito zaidi kwa malenga, kwa kuwa litamkuta barazani, mbele ya rafiki zake wale wale waliocheka.

Yuko pia mshairi ambaye haimpasi kurejea. Abdilatif Abdalla wa Mombasa alitoa kijitabu kilichoitwa Kenya: Twendapi? mwaka 1968, akahukumiwa kifungo cha miaka mitatu kwa kosa la uchochezi. Mashairi aliyoyatunga gerezani yakachapishwa mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki, na ndani yake mna shairi liitwalo N'shishiyelo ni Lilo, yaani alilolishika ni lile lile. Si mahali hapa pa kuhukumu siasa ya nchi ile wala ya mtu yule. Lakini mwenye kuisoma hitilafu ya Al-Istakhri na wenziwe ataona kwamba sheria imekwisha kumfikiria mtu wa namna hii: ambaye aamini kuwa alilolisema ni kweli, naye yumo mikononi mwa mwenye nguvu. Kumtaka atamke kuwa aliongopa ni kumtaka aongope. Neno litokalo kwa kulazimishwa halina hukumu, na kurejea kwa namna hiyo hakuitwi toba, kunaitwa kushindwa.

Kwa sababu hii yampasa mtu ajiulize kabla hajarejea: je, narejea kwa kuwa nimejua kuwa nilikosea, au kwa kuwa nimechoka kuchukiwa? Malenga wa Tanga hana haja ya kujiuliza sana. Hesabu ya gunia imekwisha kubainika.

Basi jawabu la mas-ala ni kwamba toba yake haijatimia. Atamtaka radhi mwenye ghala wa Matai, kwa miguu yake akiweza, na asipoweza kwa sauti yake mwenyewe katika simu ile ile. Atabainisha mbele ya waliosikia kwamba alilolisema ni batili, juu ya mtu yule na juu ya watu wake. Na kwa kuwa alilisema kwa shairi, na watu hubeba shairi kuliko wabebavyo usemi wa kawaida, lililo karibu na haki ni kulibainisha kwa shairi, na asiwe bahili wa vina. Asiyarudie matusi yenyewe ndani yake ila kwa kadiri ya kujulikana ni yapi yaliyofutwa. Mwenye ghala akiwa amekwisha kufa, atamwombea maghufira ikiwa ni Mwislamu, na atalitakasa jina lake mbele ya watoto wake kwa hali yoyote.

Na mwenye ghala, akisha kulisikia shairi la pili, ana hiari yake. Akisamehe, ujira wake uko kwa Mola wake. Asiposamehe, hapana wa kumlaumu. Wanazuoni waliposema kwamba fasiki aliyetubia hujaribiwa muda kabla ya kukubaliwa ushahidi wake, walio wengi waliukadiria kuwa mwaka mmoja. Basi mtu wa Matai hadhulumu akingoja mavuno yajayo, aone kama malenga atakuja kununua mahindi kwake.

Wallahu aalam.